Nyumba Haiwekwi Rehani kwa Nyasi

Lemein alipoingia nyumbani asubuhi akiwa amebeba kilo mbili za sukari, majani ya chai na leso mpya, Naserian alijua kuna jambo. Si kwamba mumewe alikuwa mchoyo, la. Alikuwa tu mtu wa kuleta vitu vikubwa: fahali, wageni, habari mbaya. Sukari ilikuwa shughuli ya mke, na tangu waoane haijawahi kupita mlango ule mikononi mwa mwanamume.

"Leo kuna sherehe?" akauliza, huku akiendelea kuchuja maziwa.

"Sherehe gani? Mtu hawezi kuletea bibi yake sukari?"

"Anaweza. Ni vile sijazoea."

Lemein akacheka kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe. Akaketi, akasifu chai kabla hajaionja, akauliza habari za ndama, akauliza habari za mgongo wa mama mkwe. Naserian akangoja. Mtu anayezungukazunguka boma mwishowe huingia kwa lango.

"Parsaoti amepata lori," Lemein akasema hatimaye. "Liko Namanga, mwenyewe anauza haraka. Tutakuwa tunabeba ng'ombe za watu mpaka soko la Dagoretti. Mwaka mmoja tu, Mama Seleyian, mwaka mmoja, na hii shida yote imeisha."

"Vizuri. Na pesa ya lori iko wapi?"

"Benki watatoa."

"Benki ni ndugu yako?"

"Wanataka tu kushikilia cheti cha shamba. Kushikilia tu. Na wewe uweke saini, kwa sababu wewe ni mke."

Naserian akaweka kibuyu chini. Shamba lililobaki lilikuwa moja. Ranchi ya kikundi ilipogawanywa, Lemein alipata ardhi ambayo ndege akianza kuivuka asubuhi angetua kupumzika. Kisha watu wa Nairobi wakaanza kuja Kitengela na magari yao na kanda za kupimia. Akauza ekari mbili kwa ajili ya ugonjwa wa baba yake, tano kwa ajili ya ukame ule mkubwa wa mwaka 2000, nyingine tatu kwa sababu ambazo hazikuelezwa vizuri. Bandu bandu huisha gogo. Sasa, mwaka 2003, zilikuwa zimebaki ekari kumi, na katikati ya ekari hizo kumi ilisimama nyumba.

Kwa watu wao, mwanamume ana boma na ana ng'ombe, lakini nyumba hujengwa na mwanamke. Naserian alipoolewa aliijenga yake ya fito na samadi kama mama yake alivyomfundisha, na paa lilipovuja alipanda yeye. Baadaye alijenga hii ya mawe. Aliijenga kwa maziwa, mtungi kwa mtungi, na kwa mitamba yake miwili aliyopewa siku ya harusi. Fundi alipokosa kibarua, yeye ndiye aliyemwaga maji kwenye simiti akiwa na mimba ya kitinda mimba wake. Vyumba vitatu, mabati, na sakafu laini ambayo watoto waliitelezea mpaka ikang'aa.

"Na lori likianguka?" akauliza.

"Kwa nini lianguke?"

"Malori huanguka, Baba Seleyian. Tunayaona kila siku hapo barabarani, yamelala na miguu juu."

"Mdomo wako huo!"

"Sitaki," akasema Naserian. "Cheti cha shamba ni chako, jina ni lako. Lakini kama wanataka saini yangu, sitaki."

* * *

Kuna wanaume wanaopiga, na kuna wanaume wasiopiga lakini wanajua pa kubonyeza. Lemein alikuwa wa aina ya pili. Aliacha kula chakula cha mke wake. Kila jioni Naserian alipakua, na kila jioni sahani ilirudi kama ilivyokwenda, watoto wakitazama. Alianza kulala kwa Parsaoti. Majirani wakaanza kuuliza kama kuna mgonjwa.

Kisha Seleyian, binti yao wa kidato cha pili, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Akaenda kwa baba yake kichwa kimeinama kungoja kuguswa utosini, kama mtoto mwenye adabu. Baba akamgusa, akasema, "Karo ningekupa. Lakini muulize mama yako. Ndiye amekataa lori."

Mtoto akamgeukia mama yake. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililomuuma Naserian. Alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa hasira, akajifuta kwa ncha ya shuka, akarudi kukoroga uji.

Hata hivyo hakukubali. Ndipo zilipokuja nyasi.

Walikuja wazee watatu wa rika la mumewe, Parsaoti akiwa mbele, mtu mrefu mwenye kofia ya pama na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Langoni waliinama, wakang'oa nyasi mbichi, wakaja nazo mkononi. Nyasi ndizo uhai wa ng'ombe, na ng'ombe ndio uhai wa mtu. Anayekuja ameshika nyasi anaomba amani, na hakuna Mmaasai mwenye akili zake anayemgeuzia kisogo. Hata vita husimama.

"Ngoto Seleyian," Parsaoti akasema, akimwita mama wa Seleyian kwa Kimaasai, "hii nyumba imekuwa baridi. Mzee halali, watoto wanaona aibu. Sisi rika lake tumekuja na nyasi. Tunakuomba, acha hii maneno iishe."

"Imeisha," Naserian akasema polepole. Angesema nini kingine?

"Umeacha hasira?"

"Nimeacha."

"Ashe! Tunashukuru!" wakasema wote. Parsaoti akampiga Lemein begani kwa furaha. Jioni hiyo Lemein alikula ugali wote, akaongeza. Na kesho yake alimwambia mkewe avae vizuri, wanakwenda mjini.

* * *

Ofisi ya wakili ilikuwa Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo. Nzau, afisa wa benki, alikuwa amekwisha fika. Kijana msafi, mcheshi, mwenye tai nyekundu na haraka nyingi. Alimwita Naserian "mama" kila baada ya maneno matatu.

Wakili alitazama karatasi zake, kisha akamtazama Naserian juu ya miwani. "Anaelewa Kiswahili?" akamwuliza Lemein, kana kwamba mama mwenyewe alikuwa kabati.

"Kidogo kidogo tu," Lemein akajibu upesi. "Mimi nitamwambia na Kimaasai."

Naserian alikuwa akiuza maziwa Kitengela miaka yote ya ndoa yake. Alikuwa ametukanana kwa Kiswahili na makanga wa matatu, akabishana kwa Kiswahili na wenye hoteli, akamtongozea mtoto wa dada yake mchumba kwa Kiswahili. Lakini mume alikuwa amekwisha sema, mbele ya wageni. Mke wa watu anamfanyaje mumewe mwongo mbele ya wageni? Hiyo ndiyo enkanyit, heshima waliyolelewa nayo, na heshima ile ilimfunga mdomo. Akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukawa kosa lake.

Wakili akaanza kusema Kiingereza. Alisema kwa muda mrefu, akionyesha kidole huku na kule kwenye karatasi, akageuza ukurasa, akasema tena. Mara moja alikunja uso na kusema neno kwa ukali, naye Nzau akaitazama saa yake. Alipomaliza, Lemein akamgeukia mkewe.

"Anasema hii karatasi ni ya kuonyesha kwamba wewe ni bibi yangu."

"Maneno yote hayo?"

"Kizungu ni kirefu."

"Na lile alilosema kwa ukali?"

"Alikuwa anauliza kama tuna watoto."

Nzau akamsogezea kalamu. "Hapa mama. Na hapa. Na hapa tena mama, karibu tumalize." Naserian aliandika jina lake kwa herufi kubwa za darasa la nne, akiibana kalamu kama mwiko. Wakaletewa soda. Nzau akainua chupa yake na kusema, "Hongera, mama! Sasa wewe ni mke wa tajiri."

Soda ilikuwa baridi na tamu, na Naserian hakuifurahia hata kidogo.

* * *

Wiki hiyohiyo alipeleka maziwa kwa Munyiva kama kawaida. Munyiva alikuwa mteja wake wa siku nyingi, Mkamba mcheshi mwenye nyumba ya bati jekundu karibu na barabara ya Namanga. Siku hiyo kochi la Munyiva lilikuwa nje, juani, na Munyiva mwenyewe ameketi juu yake kama mtu anayengoja kupigwa picha. Wanaume asiowajua walikuwa wakitoa kitanda mlangoni. Watoto wa jirani walikuwa wamepanda ua kutazama.

"Leo usinipimie," Munyiva akasema. "Sina sufuria. Ziko chini ya hiyo magodoro, na magodoro nimeambiwa nisiguse mpaka wamalize."

"Mnahama?"

"Tunahamishwa. Benki imeuza. Hao ni watu wa mnada."

Naserian akatua mtungi. "Na mumeo Mbithi?"

"Mbithi alikopa ya duka la simiti na misumari. Duka likakufa. Akaenda Machakos kutafuta kazi, hajapiga simu tangu Pasaka." Munyiva alikuwa akizungumza kwa sauti kavu, bila machozi, machozi yalikuwa yameisha kabla ya watu wa mnada kufika. "Kukopa harusi, kulipa matanga. Na mimi niliweka saini, Naserian. Mimi na mkono wangu."

"Ulisaini nini?"

"Niliambiwa karatasi ni ya kuonyesha kwamba mimi ni bibi yake."

Naserian akaketi kwenye kochi bila kukaribishwa.

"Hata soda walininunulia," Munyiva akasema.

Kitanda kilikwama mlangoni. Wanaume wakagombana juu ya nani asukume na nani avute. Ndipo Munyiva alipomgeukia na kumtazama vizuri.

"Wewe pia? Ngai! Mmeenda bodi?"

"Bodi gani?"

"Bodi ya ardhi. Shamba haliwekwi benki mpaka wakubali wale, na lazima wakuulize. Mbithi alienda peke yake, akasema mke anaumwa, wakapiga muhuri. Mimi siku hiyo nilikuwa hapa nafua nguo zake." Akamshika mkono. "Kama hawajakaa, nenda. Usiniulize utasema nini. Nenda tu, wakuone na macho."

Naserian alimimina maziwa yote kwenye ndoo ya Munyiva, akakataa pesa, akaondoka.

* * *

Lemein alikuwa chini ya mgunga, akichonga rungu. Naserian hakuzunguka boma.

"Ile karatasi ilikuwa ya kuweka nyumba benki."

Rungu likasimama. "Nani amekuambia?"

"Ni kweli au si kweli?"

"Wewe uliacha maneno mbele ya wazee. Nyasi zilishikwa! Sasa unataka kuyaokota tena?"

"Ni kweli au si kweli, Baba Seleyian?"

"Ni kweli! Na umesaini, imekwisha. Imebaki bodi, na bodi ni ya wanaume. Alhamisi tunaenda Kajiado. Wewe utakaa nyumbani. Nitawaambia unaumwa na mgongo."

"Siumwi na mgongo."

"Ukionekana Kajiado," Lemein akasema, akiinuka, "usirudi hapa. Rudi kwa baba yako."

Zamani maneno hayo yangemtetemesha. Siku hiyo aliyasikiliza, akayapima, akayaona mepesi. Baba yake alikwisha kufa, na boma lile lilikuwa la kaka zake na wake zao. Asingekuwa na mahali pa kurudi hata akitaka. Ndiyo sababu hasa nyumba hii haikuwa ya kuchezewa.

"Nitarudi hapa," akasema. "Nyumba yangu iko hapa."

Lemein aliinua rungu lile ambalo halijaisha. Alilishikilia juu kwa muda, kisha akalitupa kwenye miiba na kwenda zake. Hakuwa amewahi kumpiga, na wote wawili walijua sasa ni kwa kiasi gani alikuwa amekaribia. Naserian akaenda kukamua.

* * *

Alhamisi Lemein na Parsaoti walipitiwa na Nzau kwa gari la benki. Naserian alipika chai, mumewe akanywa bila kumtazama. Gari lilipotoweka vumbini, alifunga mlango, akamwachia Seleyian ndama na wadogo zake, akaenda barabarani kutafuta gari la Kajiado. Njia nzima alikuwa akijiambia neno moja tu: nenda wakuone.

Bodi ilikuwa inakaa katika ukumbi ulio nyuma ya ofisi ya mkuu wa tarafa, D.O. Watu walijaa nje, wenye kuuza na wenye kununua, wakiitwa mmoja mmoja. Naserian alisimama karibu na dirisha. Kupitia kioo kilichopasuka alimwona D.O. mwenyewe, mtu mnene aliyevaa kaki, na kando yake benchi la wazee wa bodi. Miongoni mwao alikuwa ameketi Parsaoti, kofia magotini. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini mumewe hakuwa na wasiwasi. Mwenye kununua lori ndiye aliyekuwa mwenye kuamua.

"Lemein," karani akaita.

Naserian aliona mgongo wa mumewe ukiinuka. Akamsikia D.O. akiuliza, "Mkopo wa lori, ekari kumi, kuna nyumba. Mama yuko wapi?"

"Mke wangu anaumwa, bwana D.O. Mgongo. Hawezi kusimama."

"Ni kweli," Parsaoti akasema kutoka benchini. "Mimi ninajua huyo mama. Na alishakubali mbele yetu sisi wazee."

D.O. akachukua muhuri. Kuna mlinzi mlangoni aliyenyoosha mkono kumzuia Naserian, lakini mtu aliyezoea kupita kati ya ng'ombe langoni hazuiwi na mkono mmoja.

"Supa, wazee," akasalimu, akiwa amesimama katikati ya chumba.

"Wewe ni nani?" D.O. akauliza.

"Mimi ndiye yule mgonjwa."

Nje, kwenye dirisha, mtu aliangua kicheko. Lemein aligeuka, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepokonywa shuka barabarani. Naserian alimwonea huruma. Lakini hakutoka.

"Huyu hasikii Kiswahili vizuri," Nzau akasema haraka. "Mzee anaweza kufasiri…"

"Nasikia," Naserian akasema. "Nasikia Kiswahili kushinda huyu mzee. Kule kwa wakili nilinyamaza kwa sababu ni mume wangu, sikutaka aonekane mwongo. Niliambiwa karatasi ni ya kuonyesha mimi ni mke. Sikuambiwa ni nyumba. Hakuna mtu alikaa na mimi peke yangu akaniambia ni nyumba."

D.O. akamgeukia Nzau. "Ni kweli? Mume ndiye alifasiri?"

"Wakili alieleza kila kitu, sir, lakini…"

"Nimeuliza nani alifasiri."

Nzau akarekebisha tai yake, ambayo haikuwa na tatizo.

Parsaoti alisimama. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kuliko makelele. "Ngoto Seleyian. Tulikuja kwako na nyasi. Ulikubali. Leo unavunja nyasi mbele ya serikali?"

Wazee wote benchini wakamtazama. Hili lilikuwa shitaka kweli. D.O. alikuwa mtu wa mbali na hakuelewa, wao walielewa. Alijifunga shuka vizuri.

"Sijavunja," akasema. "Mlishika nyasi mkaniomba niache hasira. Niliacha. Muulizeni, leo asubuhi nimempikia chai, amekunywa. Sina hasira na yeye hata sasa. Lakini wewe baba, tangu uzaliwe, umewahi kusikia mtu anashika nyasi ili achukue nyumba ya mwanamke? Nyasi ni za amani. Nyumba nilijenga mimi, wewe ulikuwa unapita hapo ukiniona nikibeba maji ya simiti. Nyumba haiwekwi rehani kwa nyasi."

Mzee mmoja mkongwe kuliko wote, mwisho wa benchi, akatema ugoro kwenye kitambaa chake na kusema Kimaasai, bila kumtazama mtu, kwamba yeye pia hajawahi kusikia jambo kama hilo.

"Mama," D.O. akasema, "swali ni moja. Unakubali au hukubali?"

"Fahali zake tano ni zake, auze anunue gurudumu. Shamba na nyumba, sikubali."

D.O. alirudisha muhuri kwenye kisanduku chake. "Kibali hakuna. Na wewe mzee Parsaoti, hilo lori ni la nani na nani?" Parsaoti akaivaa kofia yake. "Nitataka kuzungumza na wewe. Karani, anayefuata."

Bodi ilipomaliza, gari la benki liliondoka na wanaume wote watatu. Lilikuwa na nafasi nyuma, Naserian aliiona. Nzau alifunga mlango bila kumtazama.

* * *

Lemein hakurudi siku hiyo, wala siku zilizofuata. Naserian aliuza mtamba, akampeleka Seleyian shuleni mwenyewe. Kisimani wanawake walinyamaza alipofika, kisha mmoja wao, mke wa Parsaoti, akasogea na kumuuliza kwa sauti ya chini bodi hiyo hukaa siku gani. Naserian akamwambia.

Jumapili jioni, akiwa anafunga ndama, alimwona mumewe langoni. Alikuwa amekonda. Alipita kati ya ng'ombe taratibu, akiwagusa migongo mmoja mmoja, mpaka akafika mlangoni. Pale akasimama. Hakuingia.

"Takwenya," akamsalimu.

"Iko," Naserian akaitikia. "Chai iko."

Lemein hakusogea. Alikuwa akitazama sakafu ya ndani ile iliyong'aa, na kwa mara ya kwanza Naserian aliona mvi kwenye ndevu zake. Alitaka kumkaribia, lakini aliona mumewe ana jambo la kusema kwanza, akamwacha aliseme.

"Umenivua nguo," Lemein akasema. "Mbele ya rika langu lote. Kila mahali napita, wanacheka: yule ndiye bwana ya yule mgonjwa."

"Pole," Naserian akasema, na alimaanisha. "Lakini nguo nitakushonea nyingine, Baba Seleyian. Nyumba ningekutolea wapi?"